Programu ya bure na programu huria sio kitu kimoja

Wiki iliyopita mpwa wangu kapata kompyuta mpya, akanitumia orodha ya vitu anavyotaka kuweka, juu kaandika "mjomba nichekie hizi, zote za bure", na chini yake kuna VLC (ya kuchezea video), LibreOffice (ya kuandikia na mahesabu), WinRAR (ya kubana na kufungua faili), Adobe Reader (ya kusomea PDF), Chrome (brauza) na Photoshop (ya kuhariri picha) ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli, aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi. Orodha yenyewe sio mbaya, ukiacha hiyo ya mwisho. Ila hilo neno "bure" pale juu limefunika vitu vya aina nne tofauti kabisa, na sio yeye peke yake, kila siku nakutana na watu wazima, wengine mafundi wa kompyuta kabisa, wanasema "programu huria, yaani za bure" kana kwamba ni neno moja na tafsiri yake. Hapana jamani.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo chanzo wake (yale maandishi aliyoandika mtengenezaji kabla hayajageuzwa kuwa kitu cha kubofya), kuubadilisha, kumpa mwingine nakala, na kumpa hata hiyo uliyoibadilisha. Programu ya bure ni ile ambayo mwenyewe hakutozi kitu. Basi. Moja inazungumzia haki zako, nyingine bei.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Wanaosema Kiingereza wana sababu ya kuchanganyikiwa manake neno lao ni moja tu, free, linabeba "bure" na "huru" kwa pamoja. Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa Marekani, alipotangaza mradi wa GNU (wa kutengeneza mfumo wa kompyuta ulio huria) Septemba 1983, na kuanzisha taasisi ya kuusimamia mwaka 1985, alijikuta na kazi ya kueleza maisha yake yote kwamba anamaanisha free ya uhuru wa kusema sio free ya bia ya kupewa. Wenzake wakaazima libre toka Kifaransa na Kihispania ili kuondoa utata, na ndo hiyo Libre unayoiona kwenye jina la LibreOffice. Mwaka 1998 wengine wakaona bora watafute jina jipya kabisa, wakaja na open source, na moja ya sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo, watu wakisikia free wanafikiria pesa. Yote hayo kwa sababu ya upungufu wa neno moja!

Sisi upungufu huo hatuna. Tunalo huru, limetoka kwa Kiarabu, hurr, mtu ambaye sio mtumwa wa mtu, na kutoka ukoo huo huo tunalo huria, ambalo Waarabu wanaliita hurriya, yaani uhuru wenyewe. Na tunalitumia vizuri tu kwingine kote. Ukisikia "soko huria" hakuna anayebeba kapu akidhani anaenda kugawiwa vitu, kila mtu anajua ni soko ambalo watu wanauza na kununua bila kupangiwa. Wanafunzi wa chuo kikuu huria wanalipa ada na hakuna anayeshangaa. Ila neno hilo hilo likigusa kompyuta tu, ghafla linageuka kuwa "bila malipo". Na bure nalo lina upande wake mwingine, tunasema kajisumbua bure, kafa bure, maneno ya bure, yaani kitu kisicho na maana wala thamani. Kwa hiyo ukiiita kazi ya watu walioijenga kwa miaka zaidi ya ishirini "programu ya bure", humwambii mwenzio kwamba ana haki yoyote, halafu unaishusha na hadhi.

Fanya hivi, ukishaiweka VLC fungua menyu ya msaada, bofya sehemu inayoieleza programu yenyewe, halafu bofya leseni. Yatakuja maandishi marefu ambayo karibu kila mtu anayafunga. Usiyafunge. Hiyo ni leseni ya GNU, ule mradi wa Stallman, toleo la 2, na pale mwanzoni kuna sentensi inasema waziwazi kwamba wanapotumia neno free wanamaanisha uhuru, sio bei. Imo humo ndani ya kompyuta yako. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ikatolewa chini ya leseni hiyo mwaka 2001, na tokea hapo hakuna anayeweza kukunyang'anya nakala uliyonayo wala ruhusa ya kumpa jirani.

Adobe Reader nayo hulipii kitu. Lakini msimbo wake huuoni, kuibadilisha huruhusiwi, na mwenyewe akiamua toleo lijalo liwe na masharti mengine ni hiari yake, wewe ni mgeni tu pale. Hiyo ndo ya bure. Chrome iko hivyo hivyo, ni ya bure ila sio huria, japo sehemu kubwa yake imejengwa juu ya Chromium ambayo ni huria, na ukitaka brauza iliyo huria yenyewe kama ilivyo, Firefox ipo. WinRAR hata ya bure sio, ni ya majaribio ya siku 40, kwamba dirisha lake la kukukumbusha linafungika na kazi inaendelea hilo halibadilishi leseni. Weka 7-Zip, inafungua hizo faili za rar pia, na ni huria (kile kipande cha kufungua rar kina sharti lake, huruhusiwi kukitumia kutengeneza programu ya kubana kwa mtindo wa rar, lakini kwa mtumiaji wa kawaida halikugusi). Hiyo Photoshop ya kwenye flashi nayo sio huria na sio ya bure, ina bei ambayo haijalipwa na kuna mtu asiyejulikana keshaifungua na kuchezea ndani yake, usiiweke kabisa.

Tofauti hii ina uzito siku mwenye programu akibadilika. Angalia LibreOffice ilikotoka. Kulikuwa na OpenOffice iliyokuwa chini ya kampuni ya Sun, mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun, waliokuwa wakiijenga wakawa na wasiwasi na mwelekeo wa mmiliki mpya, Septemba mwaka huo huo wakachukua msimbo wote wakaondoka nao na kuendelea chini ya jina jipya, na hawakuvunja sheria yoyote kwa sababu leseni iliwaruhusu tokea mwanzo. Ingekuwa ya bure tu wangeondoka mikono mitupu. Na miaka sita nyuma, 2004, watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wameshaichukua OpenOffice hiyo hiyo wakaitoa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa programu iliyofungwa wangeanza kwa kumbembeleza mwenyewe.

Upande wa pili nao kweli, huria sio lazima iwe bila malipo. Leseni ya GNU inaruhusu kabisa kuuza nakala. Kampuni ya Red Hat wamekuwa wakilipwa kwa mfumo uliojengwa juu ya Linux (kiini cha mfumo wa kompyuta, nacho huria), na mwaka 2019 IBM waliinunua kampuni hiyo kwa kama dola bilioni 34. Sasa hapo "huria, yaani ya bure" unaiweka wapi?

Kingine kidogo, huria haimaanishi kwamba ukiipakua popote ni salama. VLC ukiitoa kwenye tovuti ya watu baki inaweza kuja na mizigo, vile vijisanduku vilivyowekwa tiki tayari ambavyo ukibofya endelea endelea unajikuta na vitu hukuviomba, kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya wenyewe.

Jana mpwa wangu kanirudishia orodha, kaifuta Photoshop kaweka GIMP (nayo ya picha, ila huria), WinRAR kaibadilisha na 7-Zip, na juu safari hii kaandika "zote huria mjomba". Nimefurahi sana. Adobe Reader na Chrome bado zimo, nimemjibu aziache tu kama kazizoea hamna ubaya, ila hizo mbili azisogeze chini na juu yake aandike "za bure".