Ufisadi wa maadili na udanganyifu: maana yake katika riwaya ya Heart of Darkness

Ukitamka neno ufisadi leo, Dar es Salaam au Nairobi, anayekusikiliza atawaza fedha za umma na zabuni za kupeana. Maana hiyo ni ya juzi. Kitenzi chenyewe ni fisidi, yaani kuharibu, kutia uozo kitu kilichokuwa kizima, na fisadi wa zamani alikuwa mharibifu wa wake za watu hata kama hajawahi kuiba senti. Tunaposema ufisadi wa maadili katika fasihi tunarudi huko: mtu ameoza kutoka ndani, anatenda ubaya bila kuona haya, na mara nyingi anauita wema.

Hapo kwenye kuuita wema ndipo udanganyifu unapoingia. Tumezoea kusema kwamba mhusika aliharibika kwanza, kisha akadanganya ili afiche. Katika Heart of Darkness ya Joseph Conrad mpangilio ni kinyume. Uongo unatangulia, uozo unaufuata kama mkia.

Conrad, Mpoland aliyekuwa baharia, alikwenda Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1890 na kupanda mto kwa meli ya mvuke hadi Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Hadithi yake ilitoka jaridani mwaka 1899, ikaingia kitabuni 1902. Baharia Marlow anatumwa na kampuni kumfuata Kurtz, wakala anayekusanya pembe za ndovu kuliko wenzake wote. Mto hautajwi jina, wala jiji yalipo makao makuu ya kampuni. Marlow anasema tu kwamba jiji hilo humkumbusha kaburi lililopakwa chokaa, na msomaji wa Injili ya Mathayo ataelewa bila kuambiwa: nje linapendeza, ndani mifupa.

Udanganyifu unaanzia kwenye majina. Manowari ya Kifaransa inapiga mizinga msituni ufukweni. Marlow anaambiwa humo mna kambi ya "maadui". Wanaume sita wanapita na minyororo shingoni. Hao ni "wahalifu". Wanaojikunyata chini ya miti wakingoja kufa walikuwa "wafanyakazi". Vichwa vilivyotundikwa kwenye nguzo mbele ya nyumba ya Kurtz vilikuwa vya "waasi". Aliposikia hilo la mwisho Marlow akacheka, na kicheko chake kinaeleza dhana hii vizuri kuliko insha. Ukishampa mtu jina la mhalifu, mnyororo unageuka sheria. Anayeufunga hajioni mkatili, anajiona yuko kazini.

Kwangu mimi mhusika wa kutisha zaidi ni mhasibu wa kituo cha kwanza, si Kurtz. Amevaa kola iliyotiwa wanga, viatu vinang'aa, vitabu vyake vya hesabu havina doa. Hatua chache kutoka mlangoni pake watu wanakufa. Mgonjwa mmoja analazwa ofisini kwake, na mhasibu analalamika kwamba kule kuguna kunamkosesha umakini, atakosea kujumlisha. Huyu hajasema neno moja la uongo, na tarakimu zake ni sahihi kabisa. Lakini usafi wa daftari ndio unaomwezesha asione kilicho nje ya dirisha, kwa hiyo udanganyifu unaweza kujengwa kwa ukweli mtupu, mradi uchaguliwe vizuri.

Kurtz naye ni msemaji. Aliandika ripoti ya kurasa 17 kwa ajili ya chama cha kukomesha mila za "kishenzi", imejaa huruma na maneno ya kupaa. Mwishoni, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka, ameongeza kwamba washenzi wote waangamizwe. Wasomaji wengi huona mistari hiyo inapingana na ripoti. Mimi sioni hivyo. Ripoti inaanza kwa kudai kwamba mzungu lazima aonekane mbele ya Waafrika kama kiumbe kitokacho mbinguni, na aliyekwisha kujitangaza mungu ataona kila asiyemsujudia ni wa kufa. Kuna pia picha aliyoichora mwenyewe: mwanamke amefungwa kitambaa machoni, mkononi ana mwenge. Anawamulikia wengine naye haoni.

Conrad hakulazimika kubuni sana. Leopold aliitisha mkutano Brussels mwaka 1876, na chama kilichozaliwa hapo kikasema nia yake ni sayansi, ustaarabu na kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1879 wajumbe wake walijenga kituo Karema, upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1887 dola ya Leopold huko Kongo, hiyohiyo iliyojinadi kupinga utumwa, ikamfanya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip wa Zanzibar, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kuwa gavana wake huko Stanley Falls, na ikamlipa mshahara.

Riwaya yenyewe haijasalimika. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alisema katika mhadhara kwamba Conrad amewafanya Waafrika kuwa pazia tu nyuma ya Mzungu mmoja anayeporomoka. Wana miili na makelele, lugha karibu hawana. Hoja hiyo ina uzito. Kitabu kinachofichua udanganyifu wa majina kinawanyima majina watu wa mtoni, wote.

Marlow, ambaye mapema amesema kwamba uongo una harufu ya mauti, anarudi Ulaya na kukutana na mchumba wa Kurtz, aliyevaa nguo za msiba. Dada yule anataka kujua neno la mwisho la marehemu. Lilikuwa kilio cha kutishwa, alichokitoa mara mbili kwa pumzi hafifu. Marlow anamjibu kwamba alitaja jina lako. Waswahili husema njia ya mwongo fupi, ila hii imesafiri kutoka Ulaya hadi ndani ya Kongo na kurudi, ikapokewa kwa machozi.

Uongo huo wa sebuleni unasameheka kirahisi. Mwingine unapita bila wengi kuukumbuka. Kabla ya kufika kwa mchumba, Marlow aliikabidhi ile ripoti ya kurasa 17 kwa mwandishi wa habari, baada ya kuchana maneno ya mwisho kuhusu kuangamiza. Mwandishi akaipitia harakaharaka, akasema itafaa kuchapishwa, akaondoka nayo.