Taswira ya mji si picha zake

Picha ya sahani ikisambaa mtandaoni, hakosi mtu wa kusema kwamba mji ilikopigwa "una taswira nzuri ya chakula." Ukimsikiliza vizuri, anachosema ni kwamba mji huo una picha nzuri. Kosa hili nimelisikia hata kwa watu wa utalii, ambao ndio wangepaswa kulikwepa.

Taswira ya mji ni namna mtu anavyouona mji huo akilini: anachodhani kinapatikana, hisia anayokuwa nayo akiufikiria, na kama angetamani kwenda. Basi.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, katika mzizi uliotupa pia sura na kitenzi sawiri. Ni mzizi wa kuunda umbo, kwa hiyo taswira huumbwa, na lazima awepo anayeiumba. Sifa ni ya ukoo mwingine kabisa. Ndugu yake ni wasifu, yaani maelezo ya jinsi mtu au kitu kilivyo. Picha tumeikopa kwa Kiingereza juzijuzi tu, ikilinganishwa na hayo mawili. Mteja anayetoa nyota na kuandika maoni anatoa sifa, njema au mbaya. Aliyeipiga sahani kabla haijapoa anatoa picha. Lakini msawiri ni yule wa tatu, anayepitisha kidole kwenye simu yake na hajawahi kuonja chochote huko. Yeye ndiye anayeokota vipande hivyo, anaviunganisha na kuvipa sura ya mji. Akikutana na sahani ileile mara mia, ataamini mji mzima unakula hicho tu. Mchuzi mtamu usiopendeza kwenye kamera hautaingia kabisa.

Mwaka 2017, London, kibanda cha bustani kilichoitwa The Shed at Dulwich kilifika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mikahawa ya mji huo katika Tripadvisor, tovuti ambako wateja huandika maoni na kutoa nyota. Hakikuwa mkahawa. Maoni yalikuwa ya kubuni, na baadhi ya "vyakula" pichani vilitengenezwa kwa povu la kunyolea. Sifa zilikuwepo, picha zilikuwepo, chakula hakikuwepo, na bado watu walipiga simu kuomba meza. Walichokuwa wanakitaka kilikuwa vichwani mwao.

Mtaalamu wa utalii Clare Gunn alitenganisha, mwaka 1972, taswira inayojiotea yenyewe na ile inayopandikizwa na matangazo. Maoni ya wateja yameuchanganya mpaka huo, kwa kuwa aliyekula jana sasa anasomwa na watu wengi kama tangazo, ilhali hakutumwa na ofisi yoyote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, picha zikiwa nyingi sema picha ni nyingi. Ukitaka kuijua taswira ya mji, muulize ambaye hajafika anategemea kula nini siku atakayofika.