Glaikosilesheni: hamira inavyotunga minyororo ya sukari

Pale Mwanga, Kigoma, mama ninayenunua kwake maandazi huamka usiku kukoroga hamira. Kikombe cha maji vuguvugu, kijiko cha sukari, kisha hamira. Baada ya dakika chache povu la rangi ya maziwa limefika mdomoni mwa kikombe. Siku moja aliniuliza: "Mwalimu, hii sukari hamira inaila yote?" Nikamjibu kwamba nyingi inaila, na nyingine inaijengea. Swali zuri kama lile lilistahili jibu refu zaidi.

Hamira ni viumbe hai, kila kimoja seli moja. Protini zake nyingi zinazopelekwa nje ya seli au kwenye ukuta wake hupachikwa minyororo ya sukari, na kupachika huko ndiko kunakoitwa glaikosilesheni. Ziko aina zaidi ya moja. Ninayoieleza hapa ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu mnyororo wake haujengwi juu ya protini. Hutungwa pembeni hadi ukamilike, ndipo uhamishwe mzima.

Hutungwa juu ya mafuta. Ndani ya seli kuna mtandao wa vifuko na mifereji uitwao retikulamu endoplazimu, na kwenye utando wake imejichomeka molekuli ndefu ya mafuta, dolikoli. Kichwani ina fosfeti, na hapo ndipo sukari ya kwanza inaposhikizwa. Zinaanza mbili za aina iitwayo asetiliglukosamini, zinafuata tano za aina nyingine, manosi. Yote hayo upande wa nje wa utando. Kisha mnyororo unapinduliwa, unaingia ndani ya mfereji. Huko zinaongezwa manosi nne, halafu glukosi tatu. Jumla 14. Karibu kila sukari ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, na zamu hairukwi, maana kila kimoja hutambua umbo lililoachwa na mwenzake aliyetangulia.

Glukosi ya mwisho ni kama muhuri. Kimeng'enya cha kuhamisha huupokea vizuri mnyororo wenye muhuri huo, kikauvua kwenye dolikoli na kuubandika kwenye protini ambayo mara nyingi bado inaendelea kutengenezwa. Hakibandiki popote. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kimeng'enya hiki kinatafuta ile iitwayo asparajini ambayo jirani wa pili anayeifuata ni serini au threonini, na jirani wa kwanza asiwe prolini.

Sukari hupenda maji, kwa hiyo huisaidia protini ijikunje vizuri bila kugandana na nyingine. Baadaye glukosi zile tatu hukatwa. Protini ikishindwa kujikunja, manosi fulani nazo hukatwa, na hiyo inakuwa alama ya kwamba iondolewe ikavunjwe.

Mpaka hapa hamira na sisi binadamu tunafanana sana: mnyororo wetu wa mwanzo ni huohuo wa sukari 14, na watoto wanaozaliwa na hitilafu katika utengenezaji wake huweza kuugua vibaya, ubongo ukiwemo. Tunaachana kwenye vifuko vya Golgi, ambako protini hupitia baada ya retikulamu. Sisi hupunguza manosi na kuweka sukari nyingine. Hamira huzidisha manosi, wakati mwingine hadi zikafika kama 200 kwenye mnyororo mmoja.

Sasa nirudi kwenye kikombe cha mama. Sukari ya dukani ni sukrosi, na hamira huanza kuivunja ikiwa bado nje ya seli. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho invatesi, kinachokaa kwenye ukuta wa seli. Invatesi hiyo ya nje imepachikwa minyororo hii ya manosi kwa wingi, kiasi kwamba karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Kijiko kile anachomimina mama hukatwakatwa na kimeng'enya ambacho chenyewe kimevikwa sukari, na sehemu ya glukosi inayopatikana hugeuzwa manosi, ikaanza kutungwa upya juu ya dolikoli.