"Nikimwita anageuka" na mengine ninayoambiwa kila wiki

"Dokta, masikio yake mazima huyu. Nikimwita toka uani anageuka." Wiki iliyopita nimeyasikia haya mara nne hapa Tanga. Wa nne alikuwa mama wa Ngamiani, kaja na kijana wa darasa la tatu anayesema "tamaki" na "tukari". (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa matamshi, ila nimechoka kusahihisha.)

Kugeuka akiitwa hakuthibitishi kitu. Jina lina irabu, na irabu zina nguvu. Hata mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio huzidaka. Zinazopotea ni s, sh na f, sauti nyembamba na hafifu. Na asiyeisikia s ya mama yake haisikii hata ya kwake mwenyewe. Shida iko hapo. Kila tunaposema, sikio linakagua: limetoka nililokusudia? Watafiti waliwahi kuwavalisha watu hedifoni zinazozibadilisha irabu zao papo hapo wanapozitamka. Watu wazima na watoto wa miaka 4 walirekebisha vinywa vyao bila kuambiwa. Wa miaka 2 hawakurekebisha. Ukaguzi huo unaendelea kukomaa hadi ujanani, maana taya linakua, meno ya mbele yanang'oka akiwa na miaka 6 au 7, na ulimi unajifunza njia upya.

Mkaguzi wa pili ni hisia ya kinywa. Aliyewahi kudungwa ganzi ya jino anajua: masikio mazima, lakini p na b zinamponyoka na chai inamchuruzika kidevuni.

Basi nilisimama nyuma ya yule kijana, hatua tatu, nikamwambia arudie: mm, uu, ii, aa, sh, ss. Nne za kwanza akazirudia vizuri. Kwenye sh akanyamaza, kisha akageuka kunitazama mdomo. Mama naye akanyamaza. Jaribu nyumbani, feni ikiwa imezimwa, ila hilo halichukui nafasi ya kipimo cha masikio.

Mengine kwa ufupi.

"Akatwe udata, ataongea." Yaani ule utepe unaoshika ulimi kwa chini. Kama ulimi unatoka nje na kugusa meno ya juu, wembe hauna kazi hapo.

"Kupuliza maputo kunaimarisha ulimi." Kunaimarisha kupuliza. Mimi humwambia mtoto aweke ulimi kama wa s, kisha avute hewa ndani: ubaridi unapita wapi? Ukipita katikati, vizuri. Ukipita shavuni, ndiyo ile s yenye mate. Hakuna kioo kinachonisaidia kama ubaridi huo.

"Kwa bibi Kidigo, shuleni Kiswahili, amechanganyikiwa." Hapana. Nusu ya Tanga tungekuwa mabubu. Na shemeji anayesema "chakura" hana ugonjwa, ni lafudhi tu.

"Ni uvivu, mkemee." Anayekemewa hunong'ona, na akinong'ona hata kile kidogo alichokuwa akijisikia kinapungua.

"Sikio likitoa usaha, mafuta ya nazi ya uvuguvugu." Huyu kijana wa Ngamiani alitiwa mafuta hayo kwa miaka miwili. Sikio linalotoa usaha huenda ngoma yake imetoboka. Likaushwe, lisitiwe kitu, apelekwe likachunguzwe. Ya s tutayashughulikia baadaye.