Ng'ombe Aliyechanjwa Ndigana Kali Anaweza Kuwa na Vimelea

Nimeulizwa tena swali lile lile, safari hii na mfanyabiashara anayetaka kuvusha mitamba ya maziwa kutoka Mtwara kwenda Ngazidja, kisiwa cha Komoro: kwa nini daktari wa mifugo amcheleweshe kwa vipimo vya damu ilhali mitamba yake imechanjwa ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe), ina hereni ya chanjo sikioni na imenawiri? Hoja hii haijibiki kwa sentensi mbili bandarini, na inanikera kwa sababu ile hereni anayoitaja kama kinga ya kisiwa ndiyo inayonitia wasiwasi.

Katika chanjo hii kimelea hakiuawi wala hakidhoofishwi. Mnyama hudungwa Theileria parva, kimelea chenyewe cha ndigana kali, kikiwa hai kama kilivyotolewa kwenye kupe, na papo hapo hudungwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini, ili ugonjwa uanze lakini usifike mbali. Kinga yake ni ya kweli, nami naipendekeza bila kusita kwa mfugaji wa bara. Hata hivyo, mnyama huyo mara nyingi hubaki na vimelea vichache katika damu kwa muda mrefu, bila homa, bila tezi kuvimba, maziwa yakitoka kama kawaida. Na ndivyo ilivyo kwa aliyeugua akapona bila chanjo. Kupe mchanga akimnyonya, akadondoka na kujivua ngozi, katika hatua yake inayofuata anaweza kumwambukiza ng'ombe mwingine. Huku bara huenda huyo wa pili ana kinga, lakini ng'ombe wa kisiwa ambacho ugonjwa haujawahi kufika hana.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mwaka 2003 na 2004 ndigana kali ililipuka Ngazidja na kuua ng'ombe wengi, na watafiti walioifuatilia waliwashuku ng'ombe wenye kinga walioingizwa kutoka Tanzania. Walilisema kwa tahadhari, kwani hakuna aliyeweza kumwonyesha mnyama mmoja na kusema ni huyu, lakini mimi nikitazama namna kimelea hiki kinavyoishi sioni maelezo yanayokaribia zaidi.

Kuhusu karantini nitasema kwa ufupi: wiki tatu zinamfichua mgonjwa, hazimfichui mbebaji, yaani mwenye vimelea asiye na dalili. Kumwogesha mnyama dawa ya kupe na kumkagua ndani ya masikio kabla hajapanda chomboni hakuna mjadala.

Vipimo ndivyo vinavyohitaji uangalifu. Slaidi ya damu ya mbebaji huonekana safi mara nyingi, kwa kuwa vimelea ni vichache mno kwa darubini. Kipimo cha kingamwili kinasema mnyama amewahi kukutana na kimelea, hakisemi kama bado anacho, na kwa aliyechanjwa jibu chanya halitushangazi. Kipimo cha vinasaba ni bora zaidi, lakini idadi ya vimelea hupanda na kushuka, hivyo damu ya siku moja ikitoa jibu hasi naipokea kwa mashaka, na ningependa ichukuliwe tena baada ya muda, ingawa najua mwenye mali anahesabu gharama ya majani kila siku.

Kwa wanaofuatilia mifugo upande wa kisiwani, ushauri wangu ni kuwaangalia zaidi ndama waliozaliwa hukohuko. Ng'ombe mkubwa aliyeagizwa huja na kingamwili za kwao, na ndama mchanga ana zile alizonyonya kwa mama. Lakini ndama aliyevuka miezi sita, asiyechanjwa, akikutwa nazo, maana yake kupe wa pale pale wanaambukiza. Na ndama mwenye homa kali, aliyevimba tezi za chini ya masikio au za mbele ya bega, atolewe majimaji ya tezi kwa sindano na slaidi iandaliwe kabla hajadungwa buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, kwa sababu dawa ikishaanza kazi ushahidi huo hupungua upesi.