Wajumbe wa baraza la kata hupatikanaje?

Tangu Serikali ihamie Dodoma na viwanja vianze kugombewa, swali ninaloulizwa sana na watu wa Nala, Mkonze na Nzuguni kuhusu baraza la kata, chombo cha kusuluhisha migogoro kama ya ardhi, ni hili: "Wakili, hawa wajumbe wa baraza la kata tuliwachagua lini?" Hamkuwachagua. Waliowachagua ni watu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC anayoiongoza diwani, wanamokaa wenyeviti wa mitaa yenu na mtendaji wa kata akiwa katibu.

Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inataka wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, wote wakazi wa kata. Sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002 inataka 3 kati yao wawe wanawake. Mbunge haruhusiwi, wala mtu ambaye tayari yumo kwenye WDC. Kwa hiyo mwenyekiti wako wa mtaa hawezi kuwa mjumbe, lakini kura ya kumweka mjumbe anayo. Wengi hawalikumbuki hilo wakati wa uchaguzi wa mitaa.

Hata hiyo kura yenyewe hukuta mambo mengi yameshaamuliwa, maana WDC huchagua kutoka kwenye orodha ya majina. Nimeshaoneshwa orodha ya namna hiyo kwenye kaunta buku: majina matano ya wanaume, mwandiko mmoja, wino wa bluu, chini yake matatu ya wanawake yamebanwa kwa wino mweusi, moja halina hata jina la baba. Sikuhitaji kuuliza yaliingiaje. Anayetaka kuwa mjumbe asikae kusubiri tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kata, ambalo kesho yake hufunikwa na tangazo la chanjo. Amwone mtendaji, aulize muda wa wajumbe waliopo unaisha lini, kisha aombe jina lake litajwe kwenye mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye mhtasari. Jina lililomo kwenye mhtasari ni gumu kulipoteza njiani.

Ukitoka mjini ukaingia vijiji vya Bahi au Chamwino, kuna baraza la ardhi la kijiji: watu 7, wanawake wasipungue 3. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha. Jina linasomwa mbele ya watu wanaomjua mhusika hadi mpaka wa shamba lake. Mikutano hiyo ina kelele na huchelewa kuanza, lakini mimi naupenda utaratibu huo kuliko wa kata.

Kuna jambo watu bado hawajalizoea. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata halitoi tena uamuzi wa kesi ya ardhi. Linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata hivyo majina yanayopendekezwa bado ni ya watu wa kuamrisha, wastaafu waliozoea kusikilizwa wao. Kazi ya sasa inamtaka mtu wa kukaa na ndugu wawili wanaogombea shamba la marehemu baba yao huko Zuzu, awaache waseme mpaka waishiwe maneno. Na posho usiitegemee. Aliyekuja kwa ajili ya posho huacha kuja mapema.

Huko wilayani mkazi huingia kwa mlango mwingine, wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti wa Baraza la Wilaya na kumpa maoni yao kabla hajaamua kesi. Sheria ya 2002 ilimpa waziri kazi ya kuwateua baada ya kushauriana na mkuu wa mkoa, wasiozidi 7, wanawake 3 wakiwemo, kwa miaka 3. Wasidhaniwe ni mapambo. Mwenyekiti halazimiki kufuata maoni yao, ila akiyakataa lazima aandike sababu, na Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri kwa kuwa maoni ya wazee hayakusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande za kesi.