Kisu cha springi na ala yake

Wateja wengi wanaofika karakanani kwangu hapa Moshi huanza na swali moja: "Fundi, hiki chuma ni cha nini?" Swali zuri, na nitalijibu. Ila ni nadra mtu aniulize ala imeshonwa kwa ngozi gani, ilhali visu vingi ninavyoletewa kukarabati vimeharibikia ndani ya ala. Bapa limeliwa na kutu, au makali yamekata uzi hadi ncha ikatokeza pembeni, tayari kumchoma mwenyewe pajani. Kwangu kisu na ala ni kazi moja, na bei ninayotaja ni ya vyote viwili.

Chuma ninachotumia ni springi za malori, zile bapa zinazopangwa juu ya ekseli. Ni feleji yenye kaboni kama asilimia 0.6, inayokomaa vizuri (yaani inakuwa ngumu ikipashwa moto na kuchovywa) na bado haivunjiki ovyo. Wahunzi wa Mamba, kule upande wa Marangu, ambao kwa vizazi vingi wamewafulia Wamaasai mikuki na sime, nao hufua springi. Ila springi iliyopigwa na barabara mbovu miaka na miaka iache. Huwa na nyufa usizoziona kwa macho, nazo hujitokeza siku ya kuchovya chuma, jasho lote likiwa limeshamwagika. Nenda kwa mafundi wa springi ukaombe vipande wanavyokata kwenye springi mpya.

Nikishafua umbo na kutoa msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, nakipasha kisu hadi kiwe chekundu kisha nakifukia kwenye jivu, kilale humo hadi asubuhi. Hapo kinakuwa laini na tupa inakishika. Nasawazisha bapa pande zote mbili, lakini makali siyamalizi. Naacha unene wa milimita 1 hivi, kwa sababu ukingo mwembamba ukipita motoni hupinda au kupasuka.

Kukomaza nafanyia gizani, madirisha yamefungwa, ili rangi ya chuma isinidanganye. Pembeni natundika sumaku. Feleji ikifika nyuzi kama 770 za Selsiasi sumaku haiishiki tena. Naiongeza moto kidogo, ifike kama 830, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, na iwe rangi hiyohiyo kuanzia ncha hadi karibu na msuka. Kisha naichovya kwenye mafuta ya kupikia niliyokwisha kuyapasha hadi nyuzi 50 au 60, ncha ikitangulia, wima, bila kuyumbisha upande upande. Maji usijaribu: springi ikiingia kwenye maji mara nyingi utasikia "ti!" na kisu ndiyo kimekwisha. Oili chafu ya injini nayo iache, moshi wake ni sumu.

Kikishapoa, pitisha tupa kwenye ukingo. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma kimekomaa. Lakini katika hali hiyo kisu kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili, kwa hiyo hakikai hivyo hata usiku mmoja. Nakisugua msasa king'ae, nakitia kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, nakiacha kipoe, narudia tena. Kikitoka na umanjano wa nyasi kavu, nimeridhika. Kikiwa cha buluu, moto umezidi, na makali yake hayatadumu.

Mpini napenda wa mpingo. Mti huu una mafuta yake ya asili yanayoikataa gundi, basi ufute kwa spiriti kabla ya kugundisha. Na ukiupiga msasa vaa barakoa, vumbi lake linawasha.

Sasa ala. Ngozi nyingi za sokoni zimedabaghiwa, yaani zimetiwa dawa zisioze, kwa chumvi za madini ya kromu. Ni nzuri kwa mikoba, lakini chumvi zinazobaki ndani yake huleta kutu kwenye chuma. Ikate pembeni uitazame: ngozi ya kromu ambayo rangi haikupenya huonyesha ukijivu au ubuluu katikati; iliyodabaghiwa kwa magome ya miti ni ya kahawia hadi ndani. Magome hayo tunayo wenyewe, maana miti ya miwati imelimwa Njombe kwa miaka mingi kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Chukua ya unene wa milimita 3.

Faida nyingine ya ngozi ya magome ni kwamba hushika umbo. Nailowesha maji ya uvuguvugu, nakifunga kisu nailoni, nakiingiza, halafu nabonyeza kwa vidole kuzunguka mpini hadi mkunjo uonekane. Inakauka kivulini, kamwe si juani. Ikikauka, ukiigeuza ala kichwa chini kisu kinabaki mahali pake bila kifungo.

Kati ya kingo mbili za ala, mahali makali yanapokaa, lazima upite utepe wa ngozi. Makali yakigusa pale yatagusa utepe, hayatagusa uzi. Wamaasai walilimaliza tatizo hili kwa mti: ala ya sime ina mbao ndani, na ngozi nyekundu imevikwa juu.

Kushona natumia sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki. Natoboa kwa msharasi, kisha kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kila upande. Uzi ukikatika kwenye tundu moja, matundu mengine yanashika. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka, ndiyo maana siutumii kwenye ala hata mteja akiwa na haraka.

Kisu cha kazi ya kila siku kikae ndani ya ala yake, kikavu. Ukikiweka kwa miezi kitoe: ngozi hunyonya unyevu wa hewa, na hata ile ya magome ina asidi inayotia madoa. Kipake mafuta ya cherehani, kizungushie kitambaa, na ala itundikwe peke yake penye hewa.